Koti Moja la Watu Ishirini na Saba

Mimi sijawahi kushindwa mjadala kwenye simu. Nasema mapema ili wapwa zangu na wengine wenye midomo mirefu mjue mnasoma maandishi ya mtu wa aina gani. Mara moja tu ndiyo niliangukia pua, na hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu nisipoieleza mimi ataieleza fundi viatu, na yule bwana akipewa nafasi ya kusimulia hutia chumvi mpaka watu wanaomba maji.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nina chumba kimoja kinachotazamana na geti la shule ya msingi: kioo kikubwa mbele, stuli katikati, pazia la bluu nyuma ya stuli, na taa mbili, moja nzima. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, siku mwalimu alipotuletea desimali. Niliziangalia, zikaniangalia, nikaona hatutaweza kukaa chumba kimoja. Nikaenda kujifunza kazi kwa mpiga picha mmoja mzee, na alipochoka kazi akaniachia kamera, stuli na koti.

Hilo koti naomba mlielewe vizuri. Ni jeusi, lina kifungo kimoja, na tai imeshonewa moja kwa moja kwenye kipande cha shati, kwa hiyo ukilivaa unakuwa meneja kuanzia shingoni hadi kifuani, na nyuma huna kitu. Limekatwa kwa kipimo cha mtu ambaye hajazaliwa bado. Wembamba nawabana kwa vibanio mgongoni, wanene nimewafungulia mshono wa nyuma. Kila mtu aliyewahi kuhitaji picha ya kitambulisho mtaani kwetu, dereva, mwalimu, mlinzi, mama wa duka, amepigwa akiwa ndani ya koti hilo. Kwa watoto nina viatu vyekundu vya mkanda wenye bizimu ya chuma, vya picha za kuzaliwa, kwa sababu akina mama humleta mtoto amevaa gauni la malaika na ndala za bafuni. Ukiingia nyumba ya mtaani kwetu usione ukutani mtoto amevaa viatu vile, basi hao watu wamehamia juzi.

Sasa, mtaa wetu una kundi la simu. Mwenyekiti wa mtaa alilifungua kwa ajili ya matangazo, likageuka uwanja wa vita, na kwenye vita hiyo mimi nilikuwa jenerali. Wenzangu wanaandika, mimi natuma picha. Wakati wa ugomvi wa takataka mwalimu wa hesabu aliandika aya tatu, tani ngapi kwa wiki, kaya ngapi, sijui asilimia gani. Mimi nikatuma picha ya mbuzi amevaa mfuko wa plastiki kichwani kama bibi harusi. Mjadala ukaishia hapo. Bomba lilipopasuka mtu akaja na lita kwa saa. Nikatuma bata anaoga chini ya bomba, amefumba macho kwa raha. Mafundi walikuja siku ya pili. Ukileta namba, mimi naleta bata. Huo ndio uliokuwa msimamo wangu, na nilikuwa nausema kwa sauti hata kwenye misiba.

Mtu pekee ambaye hakuwa anacheka ni mpwa wangu, binti pekee wa dada yangu mkubwa. Mimi namwita Hesabu. Tangu mdogo alikuwa anahesabu hatua za kwenda bafuni na kutoa taarifa zikiongezeka. Ukimkaribisha mezani anakuambia, "Mjomba, umetafuna mara saba tu, utaumwa tumbo." Leo ni karani wa takwimu kwenye zahanati. Ana daftari refu lenye safu: namba, umri, ameumia nini, ameumia wapi. Wauguzi wanafunga vidonda, yeye anavihesabu. Nilikuwa namtania kwamba mshahara wa kujua kuhesabu ningeupata hata mimi kama zisingekuja zile desimali.

Basi siku moja ya Jumatatu Mwenyekiti akaweka tangazo kundini. Ofisi ya barabara imekubali kutujengea matuta ya kupunguza mwendo wa magari, ila lami iliyopo inatosha sehemu moja tu. Wakazi wachague wenyewe ni wapi, na barua ifike ofisini kabla ya Ijumaa mchana. Sehemu zilizokuwa zinatajwa ni mbili. Ya kwanza ni geti la shule. Ya pili ni kona ya chini, pale barabara inaposhuka na kukata ghafla, hatua mbili kutoka kwenye meza ya fundi viatu.

Mimi nilitaka getini. Mbele za watu nilisema ni kwa ajili ya watoto. Ukweli, na nauandika hapa kwa kuwa dada yangu hasomi maandishi marefu, ni kwamba gari likifika kwenye tuta hupunguza mwendo, na abiria aliyepunguziwa mwendo lazima atazame kitu, na kitu cha kutazama pale ni kioo changu.

Jumanne Hesabu akaandika kundini. Nakumbuka kila neno, maana nilisoma mara nyingi baadaye nikiwa nimelala chali. "Wazazi wangu na ndugu zangu, shikamooni. Kwa miezi kumi na minne zahanati imepokea watu thelathini na mmoja walioumia kwenye barabara hii. Ishirini na sita waliumia konani. Watatu getini. Wawili sehemu nyingine. Naomba matuta yaende konani."

Kimya. Mtu mmoja akaweka kidole gumba. Mwingine akauliza kama kuna aliyeona kuku wake mweupe. Wa tatu akaandika, "Hizo namba umezitoa wapi, binti?" Akajibu kwamba amezitoa kwenye daftari. "Daftari la nani?" La zahanati. "Aaa, sawa," akasema yule mtu, kisha akarudi kwenye habari za kuku.

Nilimwonea huruma kwa muda wa dakika nne hivi. Kisha nikachukua kamera.

Jumatano saa sita mchana, watoto wakiwa darasani na barabara ikiwa tupu, nilitoka na kiatu kimoja chekundu. Nikakilaza ubavu katikati ya barabara, geti likionekana nyuma. Nikalala kifudifudi kwenye vumbi, mimi mzima na kitambi changu, ili kiatu kionekane kikubwa na dunia ionekane ndogo. Mlinzi wa shule akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia hiyo ni sanaa. Akasema pole. Mara pikapu hiyo inakuja, nikaruka pembeni kama kijana, kiatu kikabaki. Gurudumu likakipitia ukingoni, bizimu ikang'oka. Badala ya kusikitika nikafurahi! Kiatu kilichokanyagwa hakihitaji mkalimani.

Picha niliifanya nyeusi na nyeupe. Nilijiambia kwamba huzuni inakaa vizuri ikikosa rangi. Ukweli wa pili ni kwamba wekundu ule mtaa mzima unaujua. Chini yake nikaandika: "Nje ya geti la shule, mchana wa leo. Sina la kuongeza." Hapakuwa na neno hata moja la uongo, na huo ndio ubaya wake.

Kundi likalipuka. "Jamani, mtoto yuko hai?" "Ni wa nani?" "Nimeishiwa nguvu, nimekaa chini." Dada yangu akatuma sauti ya dakika moja na nusu, analia tu, mwishoni akasema "getini" kisha akalia tena. Mwenyekiti akafungua kura palepale. Ilipofika saa kumi, geti lilikuwa na kura themanini na nane, kona tisa. Akanipigia simu yeye mwenyewe. "Mzee wa picha, umetusaidia sana. Nichapie kubwa, niiambatishe na barua. Naipitia Ijumaa asubuhi." Nikajiangalia kwenye kioo cha studio. Sikatai, nilijiona mzuri.

Bado nipo hapohapo kwenye kioo, Hesabu akaingia na sare zake za kazi, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kukubali yaishe?"

"Nimekuja kuuliza. Yule mtoto mwenye kiatu amepelekwa hospitali gani? Kwetu hakuletwa."

"Wa nini tena huyo mtoto?"

"Nimwandike. Getini nina watatu. Kama yeye ni wa nne, namba niliyotoa ina kosa, na itabidi niombe radhi kundini."

Nikamwambia, "Huenda alikimbia nyumbani."

"Kwa mguu mmoja?"

"Watoto wa siku hizi wana mbio."

Hakucheka. Macho yake yakapanda kwenye rafu nyuma yangu, na hapo mjomba wenu nikakumbuka kwamba kile kiatu cha pili nilikiacha palepale, kimesimama peke yake kama mtu aliyechelewa gari. Hesabu akanyoosha mkono, akakiweka sawa, ncha yake ikitazama ukuta. Akasema, "Daftari langu halina safu ya mtu ambaye hakuumia, mjomba." Akaaga vizuri, akaondoka. Hakuandika chochote kundini. Bora angenitukana.

Alhamisi nilikuwa na shida nyingine. Jumamosi kulikuwa na mtoto wa kupigwa picha ya kuzaliwa, mama yake ameshasisitiza viatu vyekundu, na kimoja hakina bizimu. Nikakifunga kwenye gazeti, nikashuka mpaka konani kwa fundi viatu. Ana meza, mwavuli uliochanika, na benchi moja la wateja ambalo mgongo wake umeipa barabara. Nikakaa, nikampa kifurushi.

Akafungua. Akakigeuza, akaangalia soli, akakiangalia tena.

"Huu mshono ni wangu," akasema.

"Mishono inafanana."

"Haifanani. Huu wa kisigino nilirudia mara mbili mwaka juzi, ulilalamika wiki nzima." Akatoa simu mfukoni, akaitazama ile picha yangu, akatazama kiatu. Akaanza kucheka taratibu, mabega kwanza. "Bwana wee! Mke wangu hajala tangu jana kwa ajili ya kiatu cha studio?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Mimi nilipiga kura ya kona. Mmoja kati ya wale tisa ni mimi." Akaacha kucheka. "Na sababu unaijua."

Naijua. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile nililokalia, mwaka jana, siku lori lilipokosa kukata kona. Nilikwenda msibani, nilibeba viti, nilikula. Na ilipofika siku ya kuchagua matuta yaende wapi, sikumkumbuka hata kidogo. Nilikikumbuka kioo changu. Nikasimama ili niondoke na heshima iliyobaki. Nikachukua kiatu, nikapiga hatua moja nyuma.

Hapo ndipo lilipokuja godoro.

Sikuiona pikipiki. Ilikuwa imebeba godoro la futi sita kwa sita, limefungwa kukingama, na dereva alikuwa mahali fulani katikati kama nyama ndani ya mkate. Alikata kona, godoro likakata na yeye, na pembe yake ikanikumba ubavuni kwa upole mkubwa ambao sijawahi kufanyiwa hata na mke wangu. Nikaruka mtaro nusu, nusu nyingine nikaingia. Miguu juu, kichwa kwenye maji ya sabuni, na mkono wa kulia umenyooka hewani umeshika kiatu chekundu, kwa sababu mtu wa kazi haachii kifaa.

Fundi viatu alifika haraka. Akasimama ukingoni, akanyanyua simu, akapiga. Akapiga tena kwa upana. Ndipo akanipa mkono.

"Ungenitoa kwanza!" nikamfokea.

"Picha kwanza, maelezo baadaye. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Nilifika zahanati nikichechemea, nimemshika begani, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Muuguzi akanifunga. Kisha nikapelekwa dirishani, na nyuma ya dirisha alikuwa Hesabu na daftari lake. Simu yake ilikuwa mezani, imegeuzwa kifudifudi, inatetemeka kama jogoo aliyefungwa miguu. Nilijua kinachoitetemesha. Yeye hakuigusa.

"Jina nalijua. Umri?"

"Hamsini."

"Mjomba."

"Hamsini na nane."

"Umeumia nini?"

"Kifundo. Na godoro."

Kalamu ikasita kidogo. "Pikipiki ilikuwa inatembea?"

"Ilikuwa inaruka."

Akaandika. Kisha akauliza swali la safu ya mwisho, bila kuinua kichwa. "Umeumia wapi?"

Jamani, mimi ni mtu wa mdomo. Niliwahi kumshawishi askari wa barabarani kwamba taa ya baiskeli yangu inawaka ila yeye anasimama upande mbaya. Ningeweza kusema nimeanguka chooni. Na yeye, kwa huruma yake, akanifungulia mlango kabisa: "Wengi husema ngazi, mjomba. Ukisema ngazi naandika ngazi." Nikaangalia ule ukurasa. Chini ya neno "wapi" palikuwa na kona, kona, kona, geti, kona, kona, kwa mwandiko wake mzuri, mpaka chini. Kila kona ni mtu aliyefikishwa pale kama nilivyofikishwa mimi.

"Konani," nikasema.

Akaandika. "Wewe ni wa ishirini na saba."

"Hao ishirini na sita ni akina nani?"

"Siwezi kukuambia. Siri ya mgonjwa."

"Mpwa wangu, mtaa huu nimewapiga picha wote."

"Ndiyo, mjomba," akasema, anafunga daftari. "Unawajua wakiwa ndani ya koti."

Nilipofika nyumbani nikafungua kundi. Afadhali nisingefungua. Picha yangu ya mtaroni, yenye rangi zake zote, ilikuwa imetumwa upya na watu kama arobaini. Mtu ameuzungushia duara ule mshono wa kisigino. Akina mama walikuwa wanashusha kutoka ukutani picha za watoto wao na kuzipiga kwa simu, viatu vyekundu kwa viatu vyekundu. "Hiki si ndicho alichovaa mwanangu mwaka ule?" "Mtoto aliyegongwa ni huyu mzee!" Dada yangu akatuma sauti nyingine. Safari hii hakulia.

Mimi ndiye fundi wa picha mtaani. Ningesema tu kwamba ile ya mtaroni imetengenezwa, nusu wangeniamini. Niliandika hivyo hasa. Kidole kikakaa juu ya kitufe cha kutuma muda mrefu mpaka simu ikajizima yenyewe. Kwenye kioo cheusi nikajiona: bandeji, povu la sabuni sikioni.

Nikaiwasha, nikafuta. Nikatafuta picha yangu mwenyewe ya kitambulisho, ile ya miaka sita iliyopita, nimevaa koti, nimekaza shingo kama waziri. Nikaituma. Nikaandika: "Kile kiatu ni cha studio. Hakuna mtoto aliyeumia, nimewaliza bure, nisameheni. Aliyeumia ni huyu. Ni wa ishirini na saba konani. Ishirini na sita walionitangulia Hesabu hawezi kuwataja, wala hatawataja. Lakini wenyewe mnajijua."

Kimya tena, kama kile alichopewa yeye Jumanne. Nikasema basi, sasa nimejua ladha yake.

Kisha picha ikaingia, ya fundi viatu. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, ndani ya koti langu, pazia la bluu nyuma. Alikuwa mrefu yule kijana, mikono ya koti ilimwishia karibu na viwiko, na nakumbuka siku ile nilimwambia akunje mikono nyuma, tukacheka wote wawili. Chini yake kaka yake aliandika neno moja: "Konani."

Baada yake wakaanza kuingia. Dereva wa maji, ndani ya koti. Mama wa duka la nafaka, ndani ya koti, tai imepinda. Mwalimu wa hesabu! Yeye mwenyewe, wa tani na asilimia, ameumia goti konani miezi minane iliyopita na hakumwambia mtu kwa aibu. Hata wale wasioandika kitu kundini mwaka mzima waliweka sura zao. Mtu akifungua simu anaona watu wamejipanga, koti moja, kifungo kimoja, tai ile ile, macho yamekodoka kwa taa yangu. Kabla ya jua kuzama walikuwa ishirini na wanne, mimi nikiwemo.

Nikampigia Hesabu. "Bado watatu. Nani?"

"Wana haki ya kunyamaza, mjomba."

"Sasa nifanye nini?"

"Uliombwa kuchapa picha kubwa. Chapa." Kisha akaongeza, "Na hao watatu waachie nafasi."

Nikachapa karatasi moja, sura ishirini na nne, na mwishoni vyumba vitatu vitupu vya pazia la bluu, stuli haina mtu. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua kura upya: kona mia moja na moja, geti sita. Mmoja wa hao sita ni dada yangu, anasema kidole kiliteleza. Ijumaa asubuhi Hesabu alikuja studio na jedwali lake, mistari minne tu, akalibana nyuma ya karatasi yangu kwa pini moja. Nikamwambia jedwali liwe mbele, kwa heshima. Akasema, "Hapana. Mbele wakae watu. Nyuma wakae wote." Sikuelewa vizuri, ila nilikubali kwa kichwa kama msomi.

Matuta yamejengwa konani. Magari yanapita mbele ya studio yangu kwa kasi ile ile, vumbi linapaka kioo, abiria hawaoni hata jina la duka. Hesabu bado anakuja mezani kwangu na bado anahesabu ninavyotafuna. Konani tangu siku ile hajaandika mtu, na anasema miezi mitatu ni michache mno kusema lolote, nisiende kutangaza. Ndiyo hivyo nimetangaza.

Kile kiatu nilimwachia fundi viatu siku ile ya mtaro akitengeneze, akakataa kunirudishia. Amekigongomelea kwenye mti wa mwavuli wake, na kila anayepita anasimuliwa habari za godoro, ambalo sasa limefikia futi kumi. Nimebaki na kimoja. Kwa hiyo mkileta watoto wenu kwa picha ya kuzaliwa msishangae, wala msiniulize mbele za watu: siku hizi nawapiga kuanzia magotini kwenda juu.